Dawa ya Ulimbo ni Mafuta

Jumamosi moja ya Novemba wanne kati yetu tulikutana kwenye maegesho ya jengo la ghorofa huko Silver Spring, Maryland. Tulikuwa na ndoo ya maji, matambara, wembe, na kujiamini kupita kiasi. Kazi yenyewe ilionekana ndogo: kubandua stika kuukuu kwenye kioo cha mbele cha gari na kusafisha gundi iliyobaki. Tulikadiria nusu saa, halafu twende kula. Tulimaliza Jumapili jioni.

Tunaandika makala haya kwa sababu wengi wetu klabuni tunaendesha magari tuliyorithi kwa wazazi, kaka au shangazi, na magari hayo yana vioo vyenye mabaka ya gundi ya miaka mingi. Tunaandika pia kwa sababu siku zile mbili zilitufundisha maneno ambayo hatukuwa nayo. Nyumbani tunajua Kiswahili cha chakula, cha salamu na cha kugombezwa. Darasani walimu wetu wametupa Kiswahili cha insha. Kiswahili cha kusimama mbele ya gari na wembe mkononi, hicho tulikuwa hatuna.

GARI NA MABAKA YAKE

Gari ni Toyota Camry ya 2004, mali ya mama wa mmoja wetu, mzaliwa wa Tanga, ambaye sote tunamwita Mama. Alilinunua kwa mtu wa Kaunti ya Fairfax, Virginia, likiwa limeshatumika, akaliendesha miaka mingi kwenda na kurudi hospitali anakofanya kazi. Mwaka huu amepata gari jingine. Hakutaka kuiuza Camry. Alitaka kuipa familia moja iliyotoka Goma na sasa inaishi Alexandria, Virginia, ambayo watoto wake tumekuwa tukiwasaidia kazi za shule. Baba wa familia hiyo, tunayemwita Papa kama wanawe wanavyomwita, alikuwa amepata kazi kwenye uwanja wa ndege wa Dulles. Zamu yake inaanza saa kumi alfajiri. Treni ya Silver Line inafika Dulles tangu Novemba 2022, lakini saa hizo treni hazijaanza kutembea. Bila gari, hakuna kazi.

Katika eneo letu la Washington kila upande una sheria yake ya ukaguzi wa magari. DC iliacha kukagua usalama wa magari ya watu binafsi mwaka 2009, na sasa hupima moshi tu. Maryland hukagua gari lililotumika linapohamia kwa mwenyewe mpya. Virginia hukagua kila mwaka, na stika ya ukaguzi hubandikwa kwa ndani kwenye kioo cha mbele. Sheria ya Virginia pia hairuhusu stika nyingine kwenye kioo hicho isipokuwa zile zinazotakiwa au kuruhusiwa kisheria. Fundi mmoja aliyelitazama gari alimwambia Papa waziwazi: ondoeni takataka zote hizi kabla ya kulileta. Miadi ya ukaguzi ilikuwa Jumatatu asubuhi. Kazi ilikuwa inaanza Jumatano.

Na takataka zilikuwepo kweli. Chini katikati kulikuwa na alama ya mraba ya stika za ukaguzi za zamani, kwani Virginia ilikuwa ikizibandika hapo mpaka mwaka 2018, zilipohamishiwa kona ya chini kushoto. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha stika ya Kaunti ya Fairfax. Kaunti hiyo iliacha kutoa stika zake mwaka 2006, kwa hiyo gundi hiyo ni rika letu. Kona ya kulia kulikuwa na vibali vitatu vya kuegesha gari hospitalini, kimoja juu ya kingine. Karibu na kioo cha kutazamia nyuma kulikuwa na vipande viwili vya utepe mnene vilivyokuwa vimeshikilia kile kifaa cha E-ZPass cha kulipia barabara. Juu kushoto kulikuwa na stika ndogo ya kukumbusha tarehe ya kubadilisha oili. Hiyo tulianza nayo. Ilibanduka kwa ukucha mara moja, bila kuacha alama, na hapo ndipo tulipodanganyika.

Mchana mabaka hayo yanaonekana kama uchafu wa kawaida. Usiku ni jambo jingine. Ijumaa, siku moja kabla, tulikuwa tumekaa ndani ya gari hilo wakati jirani anaingia maegeshoni na taa zake zimewaka. Kila baka liliwaka. Mwanga ulitawanyika kwenye kioo kizima, na yule jirani aliyekuwa akivuka kwa miguu hatukumwona mpaka alipofika kwenye boneti. Papa angekuwa barabarani saa tisa usiku, siku tano kwa wiki, kwenye njia asiyoizoea. Ndiyo maana tulipochoka hatukuondoka.

MAKOSA YETU, KWA UTARATIBU

Tulianza na wembe mkavu juu ya vibali vya hospitali. Sehemu ya juu ya karatasi ilitoka, ya chini ikabaki, nyeupe, yenye manyoyanyoya. Wembe ukakwama na kuruka. Tukauweka chini kabla hatujakatana vidole.

Kisha tukatumia maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na sponji. Karatasi ililainika na kutoka yote, tukapiga makofi. Lakini gundi ilibaki, na kila tulipozidi kusugua ndivyo ilivyozidi kutanda. Baka lililokuwa na ukubwa wa kadi ya benki likawa na ukubwa wa sahani, la kijivu, linanata, limejaa nyuzi za sponji.

Mmoja wetu akakimbilia ndani akarudi na dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo ndani yake mna asetoni. Gundi ilianza kulegea. Tulifurahi sana, tukalowesha tambara likadondosha matone, na tone moja likaangukia dashibodi. Plastiki ya dashibodi ikafifia pale pale, ikawa na doa jeupe lenye ukubwa wa sarafu ya senti 25. Asetoni haidhuru kioo, lakini plastiki na rangi ya gari inaziharibu. Tulijua hilo baada ya kuliona. Tulinyamaza kwa muda, kila mtu akiangalia mahali pengine.

Kosa la nne halikutokea. Mwenzetu alikuwa amebeba birika la maji yaliyochemka, akitaka kuyamwaga juu ya kioo. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi 4 za Selsiasi. Anayesoma uhandisi kati yetu alimshika mkono. Kioo baridi kikipigwa na maji ya moto, upande mmoja hutanuka haraka kuliko mwingine, na kama kina ufa mdogo au tundu la kokoto, kinaweza kupasuka toka mwanzo hadi mwisho.

MAMA NA FENESI

Ilikuwa saa nane mchana Mama alipotoka nje kutuangalia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Mmefika wapi?"

Hatukujibu. Alifungua mlango, akainama, akagusa baka kwa kidole, akakivuta. Gundi ikavutika kama uzi mwembamba.

"Huu si ulimbo huu? Na mnausugua kwa maji? Kwani hamjawahi kukata fenesi?"

Tulikuwa tumekula fenesi. Kulikata, hapana, huletwa mezani likiwa tayari. Mama akatueleza pale pale maegeshoni. Fenesi lina utomvu mweupe unaonata, na watu wa pwani huuita ulimbo, jina lile lile la utomvu ambao zamani watoto waliupaka kwenye vijiti ili kunasia ndege. Ukilikata fenesi kwa mikono mikavu, ulimbo unakushika vidole, unashika kisu, na ukiupeleka bombani ndiyo kwanza unaganda. Kwa hiyo kabla ya kukata unapaka mafuta mikononi na kwenye kisu. Na kama umeshanasa, unaupaka mafuta, unausugua taratibu mpaka unajiviringa, kisha ndipo sabuni inafuata.

"Maji ni ya mwisho," alisema. "Nyie mmeyaweka mwanzo."

Alirudi na chupa ya mafuta ya nazi, yale anayopaka nywele. Yalikuwa yameganda kama mshumaa, kwa sababu mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tukaiweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto yakayeyuka. Tulipaka mafuta kwenye kila baka, tukabandika juu yake karatasi laini ya jikoni iliyoloweshwa mafuta hayo hayo, tukafunika kwa plastiki nyembamba ya kufunikia chakula ili yasitiririke. Dashibodi tukaifunika kwa taulo, safari hii.

"Sasa njooni mle," Mama akasema. "Mkikaa hapa mtaanza kuyachokonoa."

Tulikula wali na maharage kwa saa nzima. Tuliporudi tulitumia ukingo wa kadi ya zamani ya chuo. Baka la kwanza lilijikunja mbele ya kadi, likawa donge, kama ukoko wa ugali uliolowekwa. Kioo kilionekana chini yake. Hatukupiga makofi, tulikuwa tumeshaona aibu ya kutosha, lakini tulitazamana.

KWA NINI MAFUTA YALIWEZA

Gundi ya stika ni tofauti na gundi ya mbao au ya viatu. Zile hukauka na kuwa ngumu. Gundi ya stika haikusudiwi kukauka. Ni kitu kilicho katikati ya maji na mpira: laini kiasi cha kuingia kwenye vijitundu vidogo vya uso wa kitu ukiigandamiza kwa kidole, na nzito kiasi cha kukataa kuachia ukivuta. Stika za namna hii zina umri wa karibu miaka 90. Mmarekani R. Stanton Avery alianza kutengeneza lebo zinazojibandika zenyewe huko Los Angeles mwaka 1935. Kabla ya hapo lebo nyingi zilikuwa kama stempu za zamani, unalamba kwanza.

Tulipotafuta zaidi tulikuta kwamba shida yetu ni ya zamani kuliko stika zenyewe, na ilianzia kwenye magari. Miaka ya 1920 Wamarekani walipenda magari ya rangi mbili. Wapaka rangi walifunika upande mmoja kwa karatasi na utepe wenye gundi kali, na walipoubandua utepe ulitoka na rangi mpya. Richard Drew, kijana wa kampuni ya 3M huko Minnesota, alishuhudia hasira za wapaka rangi hao, na mwaka 1925 akatoa utepe unaoshika kidogo na kubanduka bila kuumiza. Mwaka 1968 mwanakemia mwingine wa kampuni hiyo, Spencer Silver, aligundua gundi dhaifu, iliyoshindwa kupata kazi kwa miaka mingi, mpaka ilipoingia madukani mwaka 1980 kama vile vikaratasi vya Post-it ambavyo nusu yetu tunavitumia kukariri ngeli. Kutengeneza gundi inayoshika ni kazi, na kutengeneza inayokubali kuachia ni kazi nyingine kabisa.

Gundi ya kibali cha maegesho haikutengenezwa ikubali. Na hapa Washington, gari likiachwa juani mwezi wa Julai, dashibodi inaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Mwaka hadi mwaka joto hilo huilainisha gundi, huizamisha kwenye vijitundu vya kioo, na pole pole huikausha na kuifanya iwe ngumu zaidi. Ndiyo maana stika ya mwezi mmoja hutoka kwa ukucha na ya miaka 18 haitoki.

Maji hayaigusi kwa sababu gundi hizi haziyeyuki majini. Zina undugu na mafuta. Wataalamu wa kemia husema kitu huyeyushwa na kinachofanana nacho. Wazee wetu walisema dawa ya moto ni moto. Mafuta hupenya taratibu kati ya gundi na kioo, huivimbisha gundi, na kuifanya iachie. Dawa zinazouzwa madukani hapa, kama Goo Gone, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, zikiwa na vimiminika vitokanavyo na petroli na mafuta ya maganda ya machungwa. Ni za haraka kuliko mafuta ya nazi. Ila karatasi ya stika hupenda maji. Ndiyo maana sabuni yetu iliondoa karatasi na kuiacha gundi. Hatukukosea kutumia maji kwenye karatasi; tulikosea kuendelea nayo tulipofika kwenye gundi.

SAUTI KUTOKA DAR

Jumamosi usiku Mama alimpigia kaka yake aliyeko Dar es Salaam akamsimulia habari zetu, akicheka kuliko ilivyohitajika. Mjomba alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika sita.

Alisema sisi tunalia kwa vibali vitatu, yeye amefungua kioo cha Dar. Miaka ile gari lilikuwa na stika ya bima, stika ya leseni ya barabara ambayo ada yake ilifutwa kwenye bajeti ya mwaka 2017 na badala yake kodi ya mafuta ikaongezwa, na stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Daladala zinaongeza za Simba au Yanga. Zaidi ya hayo, magari mengi huja yametumika kutoka Japani yakiwa bado na kile kistika cha mraba cha ukaguzi wa huko, chenye mwezi na mwaka wa kuisha muda, mwaka ukihesabiwa kwa utawala wa mfalme wao. Mjomba aliendesha gari miaka minne na kistika hicho mbele ya macho yake, akidhani kile ni kipimo cha tairi.

Huko, alisema, vijana wanaoosha magari hutumia mafuta ya taa: tambara, subira, kisha sabuni. Sababu yake ni ile ile ya Mama. Mafuta ya taa yanafanya kazi, lakini harufu hubaki siku nyingi, na ndani ya gari milango yote lazima iwe wazi wala pasiwepo moto karibu. Petroli alitukataza kabisa. Mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu.

HATUA TUNAZOPENDEKEZA

Jumapili tulirudia kioo kizima kwa utaratibu huu, na tunaushauri kwa kila mwenye gari la kurithi.

Kwanza, jua unashughulika na upande gani na kioo gani. Stika nyingi huwa kwa ndani. Kama kioo kina utando wa giza, usipeleke wembe hapo kabisa, wala dawa yenye amonia, kwani utando utachanika au kufifia. Kioo cha nyuma kina nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, wembe huzikata. Kwenye magari mapya kuna kamera karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Hapo usinyunyize chochote, pakaza kwa kitambaa.

Pili, pasha joto. Mashine ya kukaushia nywele kwa dakika moja au mbili, ukiisogeza huku na huku, hulainisha gundi hata stika nzima ikaanza kuinuka pembeni. Ivute pole pole, ukiilaza karibu na kioo. Ukiivuta kwa hasira itachanika.

Tatu, karatasi ikibaki, ilowe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni mpaka itoke yote.

Nne, kausha, kisha paka mafuta au dawa ya dukani, funika, na ondoka. Gundi ya mwaka mmoja hutaka dakika 15. Ile ya Fairfax ilitaka kupakwa mara tatu, saa nzima kila mara.

Tano, kwangua kwa kitu cha plastiki. Pakikataa kabisa, na ikiwa kioo ni kitupu bila utando, tumia wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa, umeulaza chini, ukisukuma kwenda mbele tu. Usiurudishe nyuma ukiwa umegusa kioo, kwa maana chembe ya mchanga iliyokaa chini yake itachora mstari usiofutika.

Sita, ule utepe mnene wa E-ZPass usiung'ang'anie kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake, uvute kulia na kushoto kama msumeno. Utepe hukatika katikati, kisha mabaki yake unayapaka mafuta kama mengine.

Saba, mafuta nayo ni lazima yatoke, la sivyo usiku kioo kitang'aa vibaya kuliko mwanzo. Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, kisha pangusa kwa spiriti na kitambaa safi. Pulizia kioo pumzi yako: kama bado kuna gundi, alama ya mraba itajitokeza kwenye ukungu. Sisi tulipulizia kioo cha Camry mara nyingi, mpaka hakuna kilichojitokeza.

BANDIKA NA BANDUA

Mjomba alitumia kitenzi ambacho sisi hatukuwa tukikitumia. Sisi tulikuwa tukisema "kutoa stika". Yeye alisema "kubandua". Tuliposikiliza mara ya pili tukakumbuka somo la kauli ya kutendua, lile ambalo wengi wetu tulilikariri kwa ajili ya mtihani: funika na funua, tandika na tandua, anika na anua, ezeka na ezua, bandika na bandua. Mama alicheka tulipomtajia jina la kauli. Jina halijui. Lakini tulipomuuliza chungu kikishaiva kinafanywaje, alijibu bila kufikiri: "Unakibandua." Kilikuwa kimebandikwa jikoni, sasa kimebanduliwa. Kitenzi cha stika ndicho cha chungu.

Tofauti ni kwamba ukikibandua chungu, figa halibaki na gundi. Kwa hiyo baada ya kubandua tulihitaji vitenzi vingine: kulowesha, kulainisha, kukwangua, kupangusa. Tulivipata kimoja kimoja, kila kimoja kwa kufanya.

JUMATATU NA JUMATANO

Jumapili jioni tulivuka mto Potomac tukaipeleka Camry Alexandria. Papa alikuwa akitungoja nje.

"Jambo, Papa."

"Jambo sana."

Kabla hajaangalia kitu kingine tulimwonyesha doa la dashibodi, tukamweleza lilivyotokea na kwamba ni kosa letu. Alilipitisha kidole gumba.

"Gari inatembea?"

"Inatembea, Papa."

"Basi."

Kisha alikaa kwenye kiti cha dereva, akawasha taa, akaangalia ukuta wa jengo kupitia kioo kwa muda mrefu. Akauliza ile kole tuliitoaje. Kwake gundi ni kole, neno walilolipata kwa Kifaransa. Tukamwambia: mafuta ya nazi. Alimwita mkewe aje asikie.

Jumatatu gari lilipita ukaguzi. Jumatano, tukiwa tumelala, mwenzetu mmoja alipokea picha iliyotumwa saa tisa na dakika kumi usiku, kabla Papa hajaondoka. Inaonyesha kioo cha mbele kutoka ndani, taa ya barabarani upande wa pili, na kona ya chini kushoto stika mpya ya ukaguzi ya Virginia. Hakuna kitu kingine kwenye kioo.

Chupa ya mafuta ya nazi iliyobaki iko chumba cha klabu, kwenye rafu ya kamusi. Atakayeitumia airudishe. Ni ya Mama.

MSAMIATI WA MAKALA

Bandua: kutoa kitu kilichobandikwa, pia kuondoa chungu jikoni.

Kwangua: kutoa kitu kilichoganda kwa kukiparuza na kitu chenye ukingo.
Nata: kushika kama gundi.
Pangusa: kufuta kwa kitambaa.
Ulimbo: utomvu unaonata, kama wa fenesi, hutumiwa pia kunasia ndege.
Utomvu: maji mazito yatokayo kwenye mti au tunda likikatwa.